Mambo ya Nyumbani: Mtoto wa Mwaka Mmoja na Vitabu vya Mama Yake

 Nyumbani mwetu karatasi yo yote iliyoandikwa haikai siku mbili bila kuchanwa. Mwezi huu twataka kunena habari za nyumba yenye mtoto wa mwaka mmoja ambayo mmoja wa wazazi ni mwanafunzi. Nyumba za namna hii si chache siku hizi, hasa kwa waalimu, na watu wakizitaja hutumia neno moja katika mawili, ama "Hongera" ama "Pole". Sisi tumeona ya kuwa kati ya maneno hayo mawili yamo mambo mengi.

Tena yafaa tuseme mapema kwamba neno "sisi" katika ukurasa huu lina maana mbili. Mara nyingine ni mwandishi peke yake, kama ilivyo desturi ya wenye kuandika magazetini. Mara nyingine ni watu wote wa nyumba, yaani baba, mama, bibi, na huyo mchana karatasi. Msomaji atatambua mwenyewe, na asipotambua si neno, maana hata sisi hatutambui siku zote.

Twakaa Muheza, katika mkoa wa Tanga. Mama wa nyumba hii ni mwalimu wa shule ya msingi, mwenye stashahada, na kwa miaka mingi alikuwa na shauku ya kusoma shahada ya elimu. Kuacha kazi na kwenda kukaa chuoni miaka mitatu hakuweza, maana mshahara wake ndio nusu ya chakula chetu. Basi akajiandikisha katika Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, chuo kilichowekwa kwa sheria ya mwaka 1992, ambacho mwanafunzi wake aweza kubaki nyumbani mwake na kazini mwake, akasoma kwa vitabu na kwa intaneti, akaenda kituo cha mkoa kufanya mitihani. Jambo hili la kusoma mbali na chuo si geni duniani. University of London iliwafungulia mitihani yake watu wasiokaa chuoni tangu mwaka 1858. Walakini kujua ya kuwa jambo ni la zamani hakumsaidii mtu kulifanya huku sufuria iko motoni na mtoto yuko mgongoni.

Alipojiandikisha, mtoto alikuwa na miezi 4. Mtoto wa umri ule ni mtu wa kukaa pale alipowekwa. Akilazwa mkekani, atakutwa mkekani; akipakatwa ili anyonye, mama huweza kushika kitabu kwa mkono wa pili. Tukajisifu. Tukawaambia rafiki zetu ya kuwa kulea na kusoma ni kazi ziwezazo kwenda pamoja, mradi watu wawe na mpango mwema. Maneno hayo twayarudisha leo mbele ya wote walioyasikia.

Maana mtoto alipotimiza mwaka alisimama, akaenda. Waganga husema watoto walio wengi huanza kutembea peke yao kati ya mwezi wa 9 na wa 18, wala si vema kulinganisha wa huyu na wa yule. Wa kwetu alianza katika mwezi wa 12. Siku ya kwanza alipiga hatua tatu, toka magoti ya bibi yake hata mguu wa meza, nasi tukapiga vigelegele hata jirani wakaja kuuliza kuna nini. Siku ya nne alifika kwenye rafu ya vitabu. Kitabu kimoja tulikikuta ndani ya ndoo ya maji ya kunywa. Kalamu zilikwenda chini ya kitanda, na kifuniko cha mojawapo tulikitoa kinywani mwake kwa kidole, nasi tukaogopa sana, kwa sababu kitu kidogo namna ile chaweza kumpalia mtoto akafa. Na karatasi za kazi ya chuo, ambazo mama alikuwa amezipanga sakafuni kwa taratibu, alizipaka uji mwanzo hata mwisho. Tulipotaka kumkemea tuliona uso wake, tukaacha. Hakuwa akiharibu kitu. Alikuwa akiandika, kama amwonavyo mama yake.

Sasa na tufanye hesabu kidogo. Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo mwaka 2019 ya kuwa mtoto wa mwaka mmoja alale saa 11 hata 14 katika kila saa 24, pamoja na usingizi wa mchana. Mwana wetu ni wa chama cha saa 11. Zasalia 13, naye katika hizo 13 hapendi kuwa peke yake hata dakika moja. Ale mara tatu au nne kwa siku, na vitu vidogo mara moja au mbili katikati, kama ndizi au kipande cha chungwa, tena anyonye. Mama hutoka kwenda shuleni saa 12 na nusu asubuhi, akarudi saa 9 na nusu alasiri, na mchana huo mtoto hukaa na bibi yake, mzaa baba, aliye jirani yetu. Mama akirudi, mtoto humrukia kama mtu aliyerudi toka safari ya mwaka. Basi kitabu kisomwe saa ngapi?

Tulijaribu alfajiri. Mama aliondoka kitandani saa 10, akawasha taa ndogo. Saa 10 na robo mtoto alikwisha kupapasa mahali pa mama yake, akakuta shuka tupu, akalia hata jogoo wa jirani wakaitikia. Tulijaribu usiku, mtoto akiisha kulala. Hapo mtoto hakuwa na hatia: ni mama aliyelala, kichwa juu ya kitabu, na alama ya waya wa daftari ikabaki shavuni hata asubuhi. Kisha tukajaribu mlango. Mama aliingia chumbani, akajifungia, sisi tukakaa ukumbini na mtoto, tukimpigia debe la rangi na kumwimbia. Alituvumilia kitambo. Kisha alikwenda mlangoni, akaupiga kwa viganja viwili, akaketi chini pale pale, akalia kilio kile cha mtu ajuaye kwamba anasikiwa.

Katika masomo ya mama yalikuwamo maelezo ya Jean Piaget, mtaalamu wa Uswisi (1896–1980), ambaye mengi aliyoandika juu ya watoto wachanga aliyapata kwa kuwatazama watoto wake mwenyewe watatu, nyumbani mwake. Alikuwa akificha kitu chini ya kitambaa, kisha akaandika afanyavyo mtoto. Akaona ya kuwa mtoto mdogo sana, kitu kikifichwa, hakitafuti, kana kwamba kisichoonekana hakipo. Lakini kuelekea mwisho wa mwaka wa kwanza huanza kufunua kitambaa. (Waliomfuata walipima kwa njia nyingine, wakasema watoto huyafahamu hayo mapema kuliko alivyodhani yeye.) Jioni moja mama akasema, "Baba, hebu tujaribu." Akatwaa kijiko, akakifunika kwa kanga mbele ya macho ya mtoto. Mtoto akaitazama kanga, akatutazama sisi, akaivuta kanga, akatwaa kijiko, akampiga mama yake nacho gotini. Tulicheka sana. Kisha mama akanyamaza kidogo, akasema, "Basi ndiyo sababu mlango haumdanganyi."

Ni kweli. Miezi michache nyuma, mama aliyeondoka machoni alikuwa ameondoka kabisa. Sasa mtoto amekwisha kupata akili ya kujua kwamba mama yupo, nyuma ya ubao ule, wala haji. Kilio kile ambacho watu hukiita deko ni alama ya akili iliyokua. Twasema hivi kwa ajili ya wazazi wenzetu walioambiwa ya kuwa wamemharibu mtoto kwa kumpakata mno.

Bibi alikuwa na shauri lake. "Mtorokeni," alisema. "Mpeni kitu cha kuchezea, mama apite uani. Ndivyo tulivyowalea ninyi." Tukafanya hivyo kwa siku tano. Siku ya sita mtoto hakukubali kitu cha kuchezea. Alishika upindo wa kanga ya mama yake tangu aliporudi shuleni hata alipolala. Mama akienda jikoni, naye jikoni. Akienda chooni, naye mlangoni pa choo. Alikwisha kujifunza ya kuwa mama huweza kutoweka wakati wo wote, kwa hiyo hapana budi kumlinda. Tukaacha kumtoroka. Tangu hapo mama humwaga waziwazi, akampungia mkono, akasema, "Nakwenda, nitarudi," akaenda kweli. Mtoto hulia. Lakini hulia kidogo, akaisha, akaendelea na shughuli zake, na kanga ya mama imepata kupumua.

Ila mama akaende wapi, na mtoto abaki na nani? Hapa ndipo penye jambo kubwa la maneno yetu ya leo. Nyumba yetu haikukosa watu wema. Wifi yake alisema, "Ukitaka nafasi niite tu, wakati wo wote." Jirani alisema hivyo hivyo. Sisi wenyewe, tuandikao haya, tulisema zaidi ya mara moja, "Mama, ukitaka kusoma niambie." Tukajiona waume wema. Basi mwezi mzima ukapita, na mama hakuita mtu hata mmoja. Tulipomwuliza sababu, alijibu kwa upole, lakini jibu lake lilituchoma: "Kila nikitaka kusoma yanipasa kwanza kuomba. Na nikiomba, lazima nimkute mtu hana kazi. Nami sijamwona mtu katika nyumba hii ambaye hana kazi."

Tukafahamu ya kuwa msaada wa wakati wo wote ni msaada usio na wakati. Wenye kutoa huridhika nafsi zao, na mwenye kuhitaji hubaki na kazi ya pili, kazi ya kuomba. Jioni ile tulitwaa karatasi, tukaiandika siku na saa, tukaibandika mlangoni juu sana, mahali asipofika mchana karatasi. Jumatatu, Jumatano na Ijumaa, saa 10 hata saa 12 jioni, mtoto ni wa baba. Jumamosi, saa 2 hata saa 6, ni wa bibi. Jumla yake ni saa 10 kwa juma. Si nyingi, lakini ni zake, wala haziombwi. Mwalimu mkuu wa shule yake akamruhusu kukaa katika darasa moja watoto wakiisha kwenda, akampa ufunguo. Huko hakuna kanga ya kushikwa.

Mtu wa kwanza kuchukizwa na karatasi ile alikuwa bibi. Alisimama mbele yake, akaitazama kwa muda mrefu, akauliza, "Tangu lini bibi akaandikiwa zamu ya mjukuu wake, kama mlinzi wa ghala?" Tukamweleza, akatikisa kichwa. Jumamosi alikuja, lakini alikuja saa 2 na nusu, ili tujue.

Na sisi tulikuwa na aibu yetu. Saa 10 jioni ndiyo saa ambayo wanaume wa mtaa wetu huketi chini ya mwembe, wengine wakicheza bao, wengine wakizungumza habari za mpira na bei ya machungwa. Jumatatu ya kwanza tulibaki ndani na mtoto saa mbili nzima, naye alikuwa akigonga dirisha kutaka kutoka. Jumatano tulitoka. Tulipokaribia mwembe mmoja wao aliita, "Mwalimu! Umeajiriwa uyaya? Mshahara wapokea wapi?" Wote wakacheka. Hatukuwa na jibu. Twataka kusema kweli: jibu zuri tulilipata usiku, kitandani, wakati ambapo halikuwa na faida tena. Tulisimama tu, na mtoto begani, naye akachagua saa ile ile kutulowesha shati toka bega hata kiuno. Wakazidi kucheka, nasi tukacheka, maana hapakuwa na lingine. Ndipo mzee mmoja, aliyekuwa hajanena kitu, akanyosha mikono, akasema, "Mlete." Akampakata juu ya magoti yake karibu na bao, na mtoto akatwaa kete mbili, akazitia kinywani, na mchezo ukasimama hata zilipotoka. Sasa wakituona Jumatano tumekuja peke yetu, huuliza mtoto yu wapi. Wengine wawili wameanza kuja na wa kwao. Hatusemi kwamba ni kwa sababu yetu; huenda wake zao nao waliandika karatasi.

Neno moja juu ya simu, kisha tutaliacha. Mama husoma mengi kwa simu, na mtoto ameona ya kuwa kitu kile chatoa mwanga na sauti. Ukimpa, atanyamaza mara moja. Tulimpa mara kadhaa, hasa sisi, siku za uchovu. Mwongozo ule tuliotaja wasema ya kuwa mtoto wa mwaka mmoja haifai kuketishwa mbele ya kioo cha namna hiyo, akitazama picha zikipita. Tulikuwa tukijua, nasi tulimpa. Tuliacha siku alipompelekea mwalimu wa mama yake ujumbe wenye herufi j thelathini.

Sasa tuje kwenye juma la mtihani. Mtihani ulikuwa Jumatatu, saa 3 asubuhi, mjini Tanga. Alhamisi usiku mtoto alipata joto. Bibi alimpapasa kinywani, akakuta ufizi umevimba, na ncha nyeupe ya jino ikichungulia. "Meno," akasema. Nasi tukaitikia, "Meno." Wasomaji watutazame vema hapa, kwa maana hatukuitikia kwa ujinga tu. Tuliitikia kwa sababu jibu lile lilitufaa: ikiwa ni meno, hakuna wa kwenda zahanati, na saa za Ijumaa zabaki mahali pake. Ijumaa ikawa zamu yetu. Mama akamwaga, akaenda darasani na vitabu vyake. Saa 11 na nusu mtoto alikuwa kama jiwe lililotoka motoni, hataki uji, hataki maji, hata debe lake la rangi hataki kuliona. Tulituma mtu kumwita mama. Tukapanda bodaboda, watatu nyuma ya dereva mmoja, jambo lisilofaa kabisa, tukafika kituo cha afya usiku ukiingia.

Mganga hakutugombeza. Alimchoma mtoto kidole, akatia tone la damu katika kipimo, na baada ya muda mfupi akatuonyesha mistari miwili. Malaria. Akatwambia ya kuwa jino laweza kumsumbua mtoto, akatoka udenda, akatafuna kila kitu, pengine akapata joto kidogo sana. Lakini homa kali si ya meno, na mahali penye mbu kama kwetu mtoto mwenye homa hupimwa siku ile ile, wala haingojwi kesho. Akampa dawa ya mseto, kidonge kimoja kila mara kwa uzito wake, mara 6 katika siku 3. Cha kwanza alikimeza pale pale, saa 3 usiku. Cha pili tuliagizwa kumpa baada ya saa 8, yaani saa 11 alfajiri. Kisha asubuhi na jioni kama alivyotuandikia, pamoja na chakula au maziwa, na tusiache hata kimoja ijapo ataonekana mzima. Nyumbani tulikiangalia chandarua chetu kwa taa, tukaona tundu la kupita ngumi, upande wa ukutani. Ni yeye aliyelitoboa, na sisi ndio tusiolitazama.

Jumamosi asubuhi mama alitwaa vitabu vyote, akavitia katika sanduku la mabati, akalifunga. Hakulia. Alisema, "Nilikwenda kusoma, na mwanangu anaungua." Tukamwambia ya kuwa tulikuwa sote tuliosema meno. Akajibu, "Sote tulisema. Mimi ndiye niliyetoka." Hakuna neno tulilojua la kuliweka juu ya hilo. Kumwambia, "Nenda kafanye mtihani," lingekuwa kama amri ya mume, tena kama kwamba mtoto si kitu. Kumwambia, "Acha," lingekuwa jepesi, na baada ya miaka mitano angetukumbuka nalo. Tukanyamaza, tukachemsha maji.

Bibi alikuja saa 2 kamili siku ile, wala si saa 2 na nusu. Alikaa na mtoto kutwa, akimpangusa kwa kitambaa cha maji ya vuguvugu, akimwita "mume wangu" kama ilivyo desturi yake, akimwuliza ni mke gani mwingine angemvumilia. Jioni alisimama mbele ya karatasi ya mlangoni. Hajui kusoma vema, lakini ajua mahali pa kila siku. Akatuita, akaweka kidole penye Jumatatu, akasema, "Asubuhi hii haina mtu. Iandike yangu." Tukasema, "Mama, Jumatatu ndiyo siku ya mtihani." Akasema, "Sikukuuliza ni siku ya nini. Andika." Tukaandika. Mama mtoto alikuwa jikoni, akasikia yote, hakusema neno.

Jumapili mchana mtoto alitokwa jasho, akapoa. Saa 10 akaomba uji kwa kupiga bakuli. Saa 11 akasimama, miguu ikitetemeka, akaenda mpaka kwenye rafu, akaikuta tupu. Akageuka akamtazama mama yake, akapiga rafu kwa kiganja, kama mtu auulizaye mji umehamia wapi. Mama akainuka akafungua sanduku.

Aliondoka kwa basi Jumatatu saa 12 asubuhi. Alimwaga mtoto kama kawaida, na mtoto alilia kama kawaida, pengine zaidi. Hatutasema kwamba hakulia. Saa 3, wakati ule ule karatasi za mtihani zilipogawiwa Tanga, sisi tulikuwa tumeomba ruhusa ya saa mbili kazini, tukimshika mikono, na bibi akikisaga kidonge cha 6, cha mwisho, akikitia katika kijiko cha uji. Kilimezwa kwa vita. Mama alirudi saa 9 alasiri, kanga yake ameifunga kifuani kwa nguvu, kwa sababu maziwa yalikuwa yamemjaa tangu saa 4 hata yakapita nguoni, naye akaandika hivyo hivyo hata mwisho. Kabla hajavua viatu aliketi kizingitini akamnyonyesha. Tulimwuliza mtihani ulikuwaje. Akasema, "Ngoja kwanza."

Majibu yalipotoka alikuwa amefaulu yote isipokuwa moja, nalo ni lile la Jumatatu, alilolikosa kwa alama chache. Atalirudia. Wengine walimwambia pole, wengine hongera, kila mtu kwa nusu aliyoisikia. Bibi aliuliza jambo moja tu, kwamba kurudia huko ni mwezi gani, ili aandikwe mapema.

Karatasi ya mlangoni sasa ni ya tatu; mbili za kwanza zilifikiwa, maana mchana karatasi amejifunza kuburuta kiti. Amepata na maneno manne. La kwanza ni "baba", nasi hatulizungumzi sana mbele ya mama yake. La pili ni "bibi". La tatu ni "ma", ambalo ni mama, na maji, na maziwa. Na la nne, alitamkalo kila asubuhi akinyosha kidole kwenye rafu, ni "tabu". Mama asema yakini ni kitabu.

Mwezi ujao tutaandika habari za kumwachisha mtoto kunyonya. Waganga wasema anyonyeshwe hata miaka miwili na zaidi, na bibi ana maneno yake.